Mdogo wangu kanifungia njia ya pwani

Jamani, leo nimezuiwa njia na ndugu yangu wa tumbo moja!

Nilikuwa nnakwenda pwani kufukua makumbi ya nazi niliyoyafukia topeni yalainike, nisokote kamba. Njia yetu ya zamani nikaikuta ina ukuta wa hoteli na geti.

Mlinzi nani? Haji, mdogo wangu.

Huyu huyu aliyesimama kwenye kikao cha kijiji kuhusu hoteli akasema njia ya mama zetu haifungwi.

"Haji, nipishe."

"Zunguka kule. Hapa pa wageni sasa."

"Na mimi nani?"

Wageni wakatutazama. Akasema, "Mama, usilete fujo."

Eti mama, kama hanijui!

Nilipomaliza kuzunguka, maji yashajaa.

Nshapika. Haji hula kwangu kila jioni.

Nimpakulie, jamani?