Siku Dani Alipovikwa Sweta

Friza ya dukani ikifunguliwa mbele yangu, ule ubaridi wenye harufu ya plastiki na samaki ukinipiga usoni, moyo unaanza kwenda mbio. Wenzangu wanaona raha, maana jua la Mikumi si la mchezo. Mimi nataka kukimbia nyumbani. Msinicheke, ngojeni niwaeleze.

Nilikuwa darasa la pili, mtoto wa kutotulia hata wakati wa kula. Mwalimu wetu, Mwalimu Neema, alikuwa mtu wa Makete, na aliringia baridi ya kwao. Tukilalamikia joto alituambia kwao asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu, nasi tuliamini anatufunga kamba. Siku moja akaingia na hotipoti. Hapakuwa na wali ndani, palikuwa na barafu aliyoiomba dukani. Akaipitisha dawati hadi dawati. Mmoja wetu alilia kwamba imemuunguza, mwingine akaitia mdomoni akagoma kuitoa.

Akasema kusini kabisa mwa dunia kuna nchi ambayo ardhi yote ni hiyo barafu. Hakuna mti, hakuna shamba. Sisi watoto wa kando ya hifadhi tukauliza tulichokijua: sasa huko tembo wanaingia kwa nani? Nani anawapigia madebe kuwafukuza? Mwalimu alicheka mpaka akatafuta kiti. Hakuna tembo, alisema, kuna sili, kuna nyangumi, na kuna ndege asiyeruka, anaitwa pengwini. Akasimama kwa visigino, akaweka dasta juu ya viatu vyake, akaanza kutembea akiyumba. Mama akishataga, yai anamwachia baba. Baba analiweka juu ya miguu, analifunika kwa tumbo, anasimama nalo kwenye upepo huo. Mama anakwenda baharini kutafuta chakula.

Darasa zima likiangua kicheko, mimi niliwaza nyumbani. Mama yangu alikuwa Dar, na Dar kuna bahari. Alikwenda kufanya kazi za ndani kwa watu, kwa sababu kibanda cha baba cha kuziba pancha pale barabarani kilikuwa hakitulishi. Mdogo wangu Dani, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, akaachiwa baba. Baba alimfunga mgongoni kwa kanga ya mama huku akigonga matairi. Madereva wa malori walimwita Mama Dani. Alicheka nao. Wakishaondoka, kicheko nacho kiliondoka.

Nikanyoosha mkono. “Mwalimu, na mama asiporudi?”

“Anarudi.”

“Akichelewa je?”

Mwalimu Neema hakuwa mtu wa kudanganya watoto, na siku hiyo nilimchukia kwa hilo. “Akichelewa sana, baba njaa inamzidi. Anaondoka. Naye ni kiumbe.”

“Na mtoto?”

“Mtoto anaganda. Haya, kaa chini.”

Nilikaa, lakini miguu ilicheza chini ya dawati. Asubuhi ile nilikuwa nimemwona baba akikunja mashati yake ndani ya begi. Nilipomuuliza, alisema bibi anashuka kutoka Vidunda kuja kukaa nasi, yeye anatoka mara moja tu. Kengele ya mapumziko ilipogongwa wenzangu walikimbilia uji, mimi nikakimbilia nyumbani. Nilivuka barabara kuu bila kuangalia, dereva mmoja akanitukana mimi na ukoo wangu.

Baba alikuwa amekaa juu ya tairi mbele ya kibanda, kavaa viatu vya kanisani, begi magotini. Lori lilikuwa limesimama likinguruma, na utingo anamwita. Dani alikuwa kwenye mkeka wa jirani yetu, Mama Zuwena. Hata shikamoo sikumpa, mimi niliyefundishwa shikamoo kabla ya kutembea. Nilimnyakua mtoto, nikavua sweta langu la shule nikamvika, jua likichoma vile, nikamkalisha juu ya viatu vya baba.

“Usiondoke! Mwalimu kasema ataganda.”

“Nani agande, mama, na joto hili?” Baba huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

“Dani! Ukiondoka anaganda!”

Mama Zuwena alicheka, utingo akacheka. Dani alishika kamba ya kiatu akaanza kuitafuna. Baba alijaribu kutabasamu, mdomo ukamkatalia. Utingo akapiga bodi la lori, “Mzee, twende!” Baba akatikisa kichwa, na lori likaondoka bila yeye. Alikaa pale muda mrefu bila kusogeza miguu. Mwishowe akaniambia nirudi shule, ila kwanza nimvue mtoto sweta kabla hajaiva.

Mama alirudi mvua zilipokatika, na ndoo ya dagaa. Mpaka leo wageni wakija mama humshika baba bega akawaambia, “Mnamwona huyu? Alinilelea mtoto peke yake, wala hakuyumba.” Nami utoto wangu wote niliamini kwamba siku ile baba alitaka kwenda Dar kumfuata mama.

Juzijuzi nilikuwa pale Mikumi nangoja basi la Dar, ndipo akilini nikaliona tena lile lori la siku ile lilivyosimama. Kichwa chake kilielekea Iringa, si Dar. Tena nikamkumbuka bibi alivyofika kesho yake na vyungu vyake vyote na kuku wake. Jamani, nani anahama na kuku kwa ajili ya mtu anayetoka mara moja? Nilikaa juu ya mzigo wangu palepale kituoni. Nilimkasirikia baba, nikatamani kumpigia simu nimseme. Halafu nikawakumbuka wale madereva na vicheko vyao.

Sikumpigia. Jumapili iliyopita wageni walikuja, mama akaanza sifa zake, baba akainamisha kichwa kama kawaida yake. Alipoinua macho alinikuta namtazama, akajua kwamba najua. Akaweka kikombe chini. Niliinuka nikamwongezea chai. Kubaki ukiwa huna pa kwenda, kila mtu anaweza. Baba yangu alikuwa na lori mlangoni, na alibaki.