Mama Sudi Hakuwa Mtu

Jina langu nimelificha, na mkilijua tafadhali lifunikeni. Kosa ni langu lote, sina wa kumsukumia. Nilimponza mwanamke mwenzangu asiye na hatia, nikakaa kimya namtazama akirushiwa maneno. Wallahi nikikumbuka natamani ardhi inimeze, kisha nikikumbuka zaidi nacheka. Mungu anisamehe kwa hicho kicheko!

Mimi ni wa Kipungani. Kwetu harusi haiwi harusi bila vugo. Wanawake wanagonga pembe kwa vijiti, na upande wa bibi harusi unautupia upande wa bwana harusi mistari ya kuchokoza. Wao nao warudishe. Wakikosa jibu, wamekwisha, watatekwa, ndiyo kuchekwa kwetu, mpaka harusi nyingine.

Aliyekuwa anaolewa ni binti wa shangazi yangu, Bi Esha, na bwana harusi alitoka Kizingitini. Bi Esha ndiye mkuu wa vugo letu. Kwenye harusi ya nyuma, Bi Zainabu wa Kizingitini alimnyamazisha mbele ya watu, na tangu siku ile shangazi yangu hakupata raha. Safari hii alitaka kulipa, hata kama bintiye angeolewa na jini, mradi jini lenyewe litoke Kizingitini!

Basi tukafungua grupu la simu la wanawake wa upande wetu. Mimi nikawekwa msimamizi kwa sababu nilisoma kompyuta Mombasa. Bi Esha akaweka sharti moja. Akituma mstari, tuusome, tuushike moyoni, kisha anaufuta, usije ukaonekana na jasusi.

"Mwanamke wa vugo hashiki kwa simu, hushika kwa kitwa," alisema.

Sasa mimi kichwa changu mwakijua? Hakishiki kitu! Nikisoma asubuhi, adhuhuri kimebaki kibwagizo tu. Na kumwambia Bi Esha arudie mstari ni kujitakia matusi ya ukoo mzima.

Nikatafuta dawa. Kuna programu za kuhifadhi mazungumzo ya magrupu zenyewe tu, bila kuguswa. Unaipa namba ya simu, unaiingiza kwenye grupu kama mtu, na kila neno linaloandikwa inalinyakua na kulipanga kwenye ukurasa wa mtandao, na jina la aliyeliandika. Hata likifutwa, yenyewe ishalichukua kitambo. Nikaipa laini yangu ya zamani. Ikataka jina, nikaandika Mama Sudi.

Mnajua hakuna hata mmoja aliyeniuliza Mama Sudi ni nani? Grupu la harusi ni la jamaa. Ukiuliza fulani ni nani, huenda ukaambiwa ni mamako mdogo, aibu ikurudie wewe. Kila mmoja akadhani ni wa kwa mwenziwe. Wakamkaribisha! Wakamtumia salamu! Bi Esha akaniuliza, "Mbona Mama Sudi hasemi?"

Nikamjibu, "Macho yanamsumbua, shangazi. Hupenda kusikiliza tu."

Ikaja dua ndefu ya kumwombea Mama Sudi shifaa ya macho. Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia!

Lakini ile programu ilikuwa imeniuliza jambo: ukurasa ufungwe kwa neno la siri, au uachwe wazi? Neno la siri nami wapi na wapi? Ningelisahau siku hiyo hiyo. Nikauacha wazi. Nikajiambia, huko mtandaoni kuna mambo ya dunia nzima, nani atakuja kusoma maneno ya Kipungani?

Baada ya siku chache nikaona wasomaji wanaongezeka. Badala ya kushtuka, nikavimba kichwa! Nikadhani ni wazungu wapenda utamaduni. Mmoja akaandika chini ya ukurasa, "Mashaallah, mistari mitamu. Mingine lini?" Nami, mjinga wa wajinga, nikamjibu, "Ijumaa baada ya swala, usikose!"

Siku ya vugo ikafika. Ilikuwa alasiri, uani kwa Bi Esha, wageni wa Kizingitini wameshuka mashuani wamefukizwa udi, nasi tumejipanga. Bi Esha akasimama, leso mbili mpya, akatupa mstari wake wa kwanza:

Kamba wote mwawauza, nyumbani mwala dagaa,
Mwanenu tutamlisha, kwenu mezoea ndaa.

Vigelegele havijatua, Bi Zainabu keshainuka. Hakufikiri hata kidogo! Akarudisha:

Mikeka mwauza yote, wenyewe mwalala tini,
Mwanetu twampa lake, busati la kitandani.

Uwanja ukalipuka. Bi Esha akatupa wa pili, ukarudishwa kabla hajavuta pumzi. Akafungua mdomo kutupa wa tatu, ule aliouweka akiba kwa ajili ya kummaliza mtu, na wanawake wa Kizingitini wakauimba wao, neno kwa neno, huku wanamtazama usoni na kuteka!

Shangazi yangu aliketi. Pembe ilimteleza mkononi ikaanguka. Sijawahi kumwona vile, na moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko vugo, maana papo hapo nilijua yule msomaji wangu mzungu alikuwa ni nani.

Wageni walipoondoka, Bi Esha akatugeukia. "Nani metoa maneno yangu?"

Macho yote yakamwendea Mwanaidi. Mwanaidi ni mke wa jirani yetu, fundi wetu wa kutunga majibu, ila amezaliwa Kizingitini. Basi hiyo ikawa ndiyo kesi na ndiyo hukumu.

"Si mimi, Bi Esha," alisema. "Naapa. Nami niliimba na ninyi, mulinisikia."

"Damu yako iko kule," mtu akamtupia.

Akanitazama mimi. Mwanaidi ni rafiki yangu, mwenzangu wa kuchambua miyaa ya kusukia mikeka na wa kucheka. Alitaka niseme neno moja tu. Na mimi, jamani, nikainama nikajifanya naokota pembe!

Ikaamriwa atolewe kwenye grupu. Msimamizi nani? Mimi. Nilimtoa kwa kidole changu. Mama Sudi akabaki.

Nilijaribu kuishi na siri ile, nikashindwa. Mwanaidi akipita ndiani hakuna wa kumwitikia salamu. Mumewe akaanza kumwuliza maswali. Mwishowe nikaenda kwa Bi Esha, nikapiga magoti, nikamweleza yote: programu, ukurasa, na Mama Sudi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ati Mama Sudi si mtu?"

"Si mtu, shangazi."

"Na leso nilomwekea? Na sahani ya pilau ulosema utampelekea?"

"Pilau niliila mimi."

Alinikamata sikio, mimi mtu mzima na mtoto wangu anatazama, akaniburuta mpaka mlangoni kwa Mwanaidi. Nikakiri pale barazani, majirani wote wametoa vichwa. Bi Esha mwenyewe akaomba radhi, na yeye si mtu wa kuomba radhi. Ukurasa nikaufuta, na Mama Sudi nikamtoa siku hiyo hiyo.

Mwanaidi akasema, "Nimesamehe." Nikamwambia namrudisha kwenye grupu. Akasema, "Hapana, bibi. Kaeni nalo."

Harusi iliyofuata, mmoja wa vijana wetu alioa Kizingitini. Tukavuka. Tukajipanga uani kwao, na mbele yetu, katikati ya wanawake wa kule, pembe mkononi, amesimama Mwanaidi. Akatabasamu. Akaanza:

Mwenye mtambo wa siri, hunasa yaliyofutwa,
Mwenziwe kapakwa tope, yeye kimya, hakuitwa.

Watu waliteka mpaka wakashikana mabega. Bi Esha akageuka nyuma, kwa mazoea, kumtafuta mtu wa kumpa jibu. Aliyekuwa akitutungia majibu ndiye huyo anayetuimba.

Ndugu zangu, hivyo vyombo vya kunasa maneno ya watu si vya mchezo. Kabla hujavitia kwenye grupu, waulize wenye maneno yao. Na ukishakosea, na ukamwona mwenzako anabeba mzigo wako, sema pale pale, hata sauti ikikutetemeka. Mimi nilingoja, na ule mstari sasa watoto wa Kizingitini wanaurukia kamba. Huo peke yake, kichwa changu hiki hakijausahau.