Siri ya Zawadi Niliitoa Mimi

Jamani, mimi ndiye niliyemharibia mwenzangu maisha. Sikumpiga, sikumwibia. Nilifungua mdomo tu.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule moja huku Kihesa, Iringa. Kwetu mwanafunzi akikosa, kabla ya viboko au kufukuzwa aliletwa kwanza mbele ya baraza la wanafunzi wenzake sita, nami nikiwa mmoja wao. Tunamsikiliza, aliyekosewa naye anasema, kisha tunakubaliana atarekebishaje. Mwalimu alikaa pembeni, kimya. Sharti lilikuwa moja: ya barazani hayatoki nje. Niliapa mwenyewe, mkono juu!

Siku hiyo aliletwa msichana wa kidato cha pili, wa kutwa. Nitamwita Zawadi. Alianua sweta la mwenzake kwenye kamba ya bweni. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Iringa mnaijua.

"Ulilipeleka wapi?" nikamuuliza.

Akajibu kwa sauti ya chini.

"Hospitali. Mama amelazwa, anatetemeka. Ana virusi vya Ukimwi. Msimwambie mtu, dada, naomba."

Mwenye sweta alilia kuliko sisi wote. Akasema mama abaki nalo. Tukakubaliana Zawadi amsaidie kufua wiki mbili, yaishe. Wakakumbatiana.

Na yangeisha kweli! Lakini jioni ile ile nikamsimulia rafiki yangu bwenini. Kwa nini? Sikuwa na ugomvi na Zawadi. Nilitaka tu nionekane najua mambo.

"Ila usimwambie mtu," nikamwambia. Eti mimi ndiye nasema hivyo!

Ijumaa, saa ya uji, hakuna aliyekubali kunywea kikombe alichotumia Zawadi. Mmoja akaziba pua. Zawadi akanitazama mimi, katika foleni nzima. Nikainamia uji wangu.

Jumatatu hakuja shule. Hakurudi tena.

Ilinichukua miezi kupata ujasiri wa kwenda kwao. Mama yake alishatoka hospitali, amekaa nje anachambua maharage.

"Kamwene, mama." Nikamsalimu hivyo kwa Kihehe, nikamwambia nasoma na Zawadi. Uso ukamng'aa, akanisogezea kigoda. Akasema binti yuko Chunya, anawapikia wachimbaji wa dhahabu, na simu hapokei.

"Mwanangu, labda wewe utanisaidia kuelewa. Siku ile ya baraza alikuja wodini anacheka. Akasema, mama, nimesema ukweli wote na wamenisamehe. Sasa ilikuwaje akaacha shule?"

Nilikwenda pale kuungama, jamani. Nikasema, "Sijui, mama." Nikaaga.

Mwaka jana tulimzika yule mama. Zawadi alifika kaburi limeshafukiwa, akapiga magoti peke yake kwenye udongo mbichi. Nilishindwa hata kumpa pole.

Wewe uliyeaminiwa siri ya mtu, barazani au hata jikoni, funga mdomo wako! Na kama umeshaitoa, nenda ukaseme "ni mimi" wakati anayestahili kuambiwa bado yu hai. Mimi yule mama aliniuliza kwa upole, nikamdanganya. Sasa nawaambia ninyi nisiowajua.