Wawili Waingia, Mmoja Atoka

Enzi zetu, mtoto wa Nalufenya, mtaa wetu wa Jinja, alifundishwa kunyamaza kabla hajafundishwa kusoma. Mwaka ule wa vita, hata jogoo tulitamani anyamaze.

Mjomba Rajabu, kaka yake mama, alikuwa mpiga picha wa studio mjini Jinja. Alipiga picha za pasipoti, za harusi, za watoto wa sikukuu ya Idi wenye kanzu zilizowazidi. Lakini alichopenda hasa ni korongo wa bendera ya taifa, wale wenye taji, waliotaga kwenye kinamasi nje ya mji. Tulijenga kibanda cha mafunjo, tukakisogeza hatua chache kila siku ili wakizoee. Kisha tukawa tunaingia wawili, mimi natoka peke yangu.

"Korongo hajui kuhesabu," Mjomba alininong'oneza. "Akikuona unaondoka, atadhani tumeondoka wote. Nenda polepole, usigeuke."

Asubuhi moja nilitoka hivyo hivyo, nikamkuta askari njiani. Alikuwa ametuona tangu mbali.

"Wewe toto, mulikuwa wawili. Ingine iko wapi?"

Nikisema hayupo, atamimina risasi kwenye mafunjo. Nikisema yupo, watamwita mpelelezi, maana siku zile mtu mwenye kamera alikuwa mpelelezi tu. Nilikuwa na miaka tisa.

"Afande, iko ndani, anapiga picha ya korongo. Usipige kelele, ataacha mayai."

Mjomba alitoka ameinua mikono. Korongo akaruka. Askari akamtanguliza kwa bunduki, nami niliwafuata kwa mbali mpaka kwenye geti la kambi. Waliingia wawili. Jioni yule askari alitoka peke yake, akapita karibu nami akitafuna muwa. Niliendelea kungoja mpaka mama alipokuja kunibeba.

Vita vikaisha. Maduka yakafunguliwa, sukari ikarudi, nasi tukahamia Mbale, mtaa wa Nabuyonga, ambako hakuna aliyejua nilichosema. Mama hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Siku hizi mjukuu wangu anachomeka simu ndani ya kiota, anapiga, anatuma, na mama ndege analia juu ya waya wa umeme. Nikimwambia asubiri, anacheka: "Jaja, hiyo ni ya zamani." Dakika tano za kukaa kimya zinamshinda, wakati Mjomba alikaa kibandani asubuhi nzima na mkojo umembana. Namgombeza, lakini moyoni namwonea wivu. Yeye na mwenzake wakienda mahali wawili, wanarudi wawili, tena wakigombania chaja.

Mimi mpaka leo nikiona watu wawili wameingia mlango mmoja, nasimama kuhesabu wanaotoka. Jioni ile getini niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na nilitamani kitu kimoja tu: niwe korongo, nimwone mmoja ametoka, niamini wametoka wote.