Mkono wa Lubinza na Chuma Kilichofichwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptura nyeupe iliyonizidi ukubwa, nikaingia zahanati ya mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, ukungu wa asubuhi ungali umelala juu ya mabati. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha. Bwana Mganga Mkuu, Mzungu mrefu asiyecheka, alinikabidhi beseni na koleo.

"Dresa ni mtu wa vidonda," alisema. "Angalia kwanza, ndipo ushike."

Ninyi mnaovaa glavu mpya kwa kila mgonjwa hamtaamini, lakini sisi bandeji tulizifua, tukazichemsha, tukazianika zikapepea mchana kutwa. Hata leo nikisinzia barazani naziona zikipepea.

Baadaye nilipelekwa hospitali ya Shinyanga. Huko Bwana Maabara, mtu mpole mwenye kikohozi, alinifundisha kutazama kwa hadubini. Niliporudishwa mgodini nilimkuta Lubinza kitandani.

Lubinza alikuwa fundi wa magogo, mmoja wa wale waliosimamisha nguzo za miti ili mwamba usiwaangukie wachimbaji. Shimoni kulikuwa na joto na unyevu, magogo yakaota kuvu. Kibanzi kilimchoma kidoleni, kuvu ikaingia nacho. Vivimbe vikapanda mkononi, kimoja juu ya kingine, mpaka juu ya kiwiko, vikatunga usaha na kupasuka. Tena alikuwa na safura, minyoo imemnyonya damu hata kope zake kwa ndani zilikuwa nyeupe.

"Visipokauka," alisema Bwana Mganga, "mkono utakatwa."

Tulimpa dawa ya minyoo, na kwa ajili ya kuvu matone ya iodini ndani ya maziwa. Mkewe, Mama Kabula, aliviona kabatini vidonge vya chuma ambavyo mumewe hakupewa, akawaka. Alizaliwa katika ukoo wa wafua chuma, na kwao aliyeishiwa damu hunyweshwa maji yaliyozimiwa chuma chekundu cha moto. Asubuhi moja alikuja na kibuyu cha maji hayo, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, dresa. Mume wangu hana damu, nanyi mnamnyima chuma?"

Nilimwita Bwana Mganga, akaeleza nami nikitafsiri. Kuvu nayo hula chuma. Mwili ukivamiwa hukiondoa chuma katika damu, ukakificha kwenye ini na wengu, ili adui ashinde na njaa. Tukimpa sasa, huenda tukawa tunaipikia kuvu. Lakini akikosa chuma siku zote, askari wa mwili nao watalegea. Kwa hiyo hatumnyimi, tunasubiri.

"Tusubiri mpaka mkono uoze?"

Nikamwuliza tu, sijui kwa nini, kama kwao chuma kikiyeyushwa watu huruhusiwa kusogelea tanuru.

"Asogee nani?" alikunja uso. "Baba alizungushia ua wa majani. Hata mimi bintiye nilikaa nje mpaka niitwe." Alimtazama mumewe, akamwekea kiganja ubavuni polepole. "Kumbe chuma chake kimezungushiwa ua."

Kibuyu alikisukuma chini ya kitanda bila kukifungua. Nilimpenda sana mama yule wakati ule.

Zikaja siku ndefu za mvua na harufu ya maziwa. Lubinza aliota ndoto mchana, akiwaita kwa Kisukuma ng'ombe wa baba yake, nasi tukipita karibu yake taratibu kwa hofu. Kisha kivimbe cha juu kabisa kikanywea. Kikafuata cha chini yake. Vidonda vilipofunga, Bwana Mganga alilifungua mwenyewe lile kabati.

"Sasa," alisema.

Mama Kabula akavuta kibuyu. "Na haya yangu?"

Mzungu asiyecheka alicheka. "Hayo yamelala mno, mama. Leta mengine."

Lubinza hakurudi shimoni. Alihamia ukweni, akawa mvuta mivukuto, kisha mfua majembe.

Nilipostaafu walikuja wote wawili, wazee kama mimi, wakanipa jembe alilolifua Lubinza mwenyewe. Wao wametangulia. Jembe limeliwa na udongo, limebaki dogo kama kiganja. Wanangu wananiambia ninunue jipya. Kila asubuhi, ukungu ungali chini, naingia nalo bustanini kwanza, na mkono ule wa Lubinza ambao haukukatwa unanisaidia kulima.