Mkoba wa Signora Adele

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya wakati, viatu vinang'aa, diploma ndani ya bahasha. Mkuu wa Njia, mzee mfupi aliyesimamia waongozaji wote wa kampuni yetu kwenye pwani ya Liguria, kule Italia, aliangalia viatu. Diploma hakuigusa.

"Hivyo ni vya kanisani," alisema. "Huku tunatembea."

Alinijua baadaye. Mimi ni Mrundi, mtoto wa kambi ya wakimbizi, nimekulia Tanzania, nikarudi kwetu Itaba na begi moja. Kiitaliano nilijifunza kwenye misheni ya Waitaliano huko Mutoyi nikiranda mbao za milango. Nilipofika Italia niliosha vyombo mchana, nikasoma jioni, mpaka nikapata diploma ya uongozaji watalii. Hakuna mjomba aliyenipigia simu kwa mkubwa yeyote. Nawaandikia vijana wa Gitega wanaoitamani kazi hii, wasidhani ni kutangulia tu mbele ya wageni na fimbo mkononi.

Likizo ya kutembea iko hivi. Wageni kumi au kumi na wawili wanafuata njia ya pwani kwa siku sita, kijiji hadi kijiji. Upande mmoja ni bahari ya Mediterania, chini kabisa, buluu mpaka macho yanauma. Upande mwingine ni milima iliyokatwa matuta kama yetu, ila penye maharage wao wamepanda mizabibu. Masanduku makubwa yanatangulia kwa gari. Mgeni anabeba mkoba mdogo tu: maji, koti la mvua, mkate. Njia inajulikana kwa alama, yaani mistari ya rangi nyekundu na nyeupe iliyopakwa kwenye mawe. Mbele yuko kiongozi. Nyuma yuko mtu tunayemwita mkia, ambaye hampiti mgeni yeyote, asibaki mtu njiani. Nilikuwa mkia misimu miwili, na niseme wazi, sijaona mkia bora kuliko mimi. Nilikuwa natambua goti linalouma kwa kuangalia kisigino tu.

Msimu wa tatu nilipewa kikosi changu, chini ya Mratibu, mama mmoja mkali aliyepanga safari zote. Katika kikosi hicho alikuwemo Signora Adele, yaani Bi Adele, mwalimu mstaafu, mjane, umri umepita miaka sabini na mitano. Siku ya kwanza aliniambia bila kuficha: mwanawe anataka kumhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wamekubaliana kwamba akimaliza njia yote kwa miguu, atabaki nyumbani kwake. Mwana angemngoja kijiji cha mwisho.

Sasa, mimi ni Mrundi. Nitatembeaje mikono mitupu mbele ya bibi wa umri ule amebeba mzigo? Siku ya pili niliuchukua mkoba wake mgongoni kwake. Alisema, "Hapana, hapana," nikacheka, nikauvaa kifuani. Hakusema tena. Nikaubeba siku nne, nikijiona mtoto mwenye adabu.

Jioni ya siku ya tano Mratibu alituona tukiingia kijijini. Akaniita pembeni.

"Yule bibi hawezi. Unabeba mizigo miwili. Kesho ngazi ni nyingi, atakwenda kwa boti."

Boti maana yake ni nyumba ya wazee.

"Anaweza, Mratibu. Kosa ni langu. Kwetu kijana haachi mzee abebe."

"Kwenu sawa. Ulimuuliza?"

Tukamwendea Signora, akiwa anavua soksi. Nilipomweleza, alinikazia macho ya kimwalimu.

"Mimi nilidhani ni sheria ya kampuni! Nikasema, kumbe wazee hapa wanavuliwa mikoba. Siku nne nimekuvumilia!"

"Kesho atembee," nilimwambia Mratibu. "Akishindwa, nifukuze mimi."

"Nitakufukuza," alijibu, na hakuwa mtu wa utani.

Siku ya sita nilimwachia mkia kazi ya mbele, nikakaa nyuma ya Signora. Ngazi za mawe, jua kali. Alisimama mara nyingi. Kila aliposimama mkono wangu uliruka wenyewe kwenda kwenye mkoba, nikaurudisha mfukoni.

"Mkono wako una wazimu," alisema bila kugeuka. "Ufunge kamba."

Tulifika saa tisa, wa mwisho. Mwanawe alikuwa amesimama uwanjani. Aliuona mkoba mgongoni kwa mama yake, akamkumbatia. Signora akasema: "Nipe kiti. Si uzee, ni hivi viatu." Kadi zake zilinifikia miaka mingi, zimetumwa kutoka anwani ileile ya nyumbani kwake.

Niliongoza mpaka goti langu likakataa. Leo nina nyumba yangu mtaa wa Magarama, hapa Gitega, ya matofali ya kuchoma, na kila kiangazi nawatembeza vijana wanaojifunza uongozaji, siku kadhaa kutoka Gitega mpaka Muyinga. Mkoba wangu nabeba mwenyewe. Wanaona haya sana. Mwaka huu, karibu na Muyinga, mama mmoja muuza ndizi aliwapigia kelele:

"Ee, nyinyi! Mzee iko anabeba sac yeye mwenyewe, nyinyi mikono tupu? Haya hamuna?"

"Mama, sisi tulimuuliza," Claudine, mwanafunzi wangu, alijibu karibu kulia. "Amekataa!"

"Mi nilikataa, mama," nikasema. "Usiwagombeze."

Mlima wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko ninavyoukumbuka. Katikati goti lilianza kuuma. Claudine alikuja sambamba nami, mikono ameifumbata nyuma, hakuugusa mkoba.

"Mzee, nikusaidie?"

Nilitembea hatua kama ishirini hivi nikifikiria. Kisha nikauvua mwenyewe, nikampa.