Kidole cha Mkaguzi

Mkaguzi wa mafunzo ya kompyuta kwa wanachuo wa ualimu hasemi sana. Kidole chake ndicho kisemacho. Hii ni nchi yake ya sita, na katika kila chuo hupitisha kidole cha shahada juu ya kibodi, akakitazama, akakipangusa kwa leso nyeupe.

"Zinatumika kila siku, mama," mkufunzi wa chuo hiki alimwambia.

"Hata kwa jirani zenu waliniambia hivyo," alijibu, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba.

Kidole kilitoka safi. Mkufunzi alikuwa amezifuta alfajiri, zote tano, kwa shati lake mwenyewe, maana ripoti mbaya ingeifunga kozi yake. Lakini mkaguzi aliinama akazikagua herufi. Ziling'aa kama meno ya mtoto.

"Ufunguo wa chumba hiki anao nani?"

"Mkuu wa chuo, mama. Yuko safarini."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Leo tumevunja kitasa."

Binti mmoja kati ya wanachuo waliosimama nyuma akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, si umwonyeshe zetu?" Akatoa kipande cha boksi kilichochorwa kibodi kwa makaa. Penye herufi A palikuwa pametoboka kwa kugongwa. Wenzake wote wakatoa vyao.

Mkaguzi akapitisha kidole. Kikatoka cheusi. Akakitazama, kisha akairudisha leso mfukoni bila kukipangusa. Kwenye fomu, penye swali "Je, kibodi zinatumika?", hakuandika neno. Alikibonyeza pale kidole, akafungua ukurasa wa pili.